Matanga ya Mwamvua

Chamazi, 9 Februari 2025

Kaka Bakari,

Shikamoo. Barua hii nampa Albano, dereva wa lori lenu la asali, ambaye amepita Mbagala kushusha madumu na anarudi Sikonge kesho. Anasema kambini kwenu hata ukipanda juu ya mti simu haishiki. Nimeshukuru, maana niliyonayo siwezi kuyasema kwenye simu. Nyumba yetu unaijua, dari ni moja, ukikohoa chumbani anakuambia pole aliyelala sebuleni.

Shemeji yako Abdulrahman anaendelea na kazi yake ya madirisha ya aluminiamu. Nyumba za watu zinang'aa, yetu bado tumeziba kwa viroba. Kisima kimezidi chumvi hadi chai inakuwa kama mchuzi. Siku za mechi kelele za uwanjani zinafika mpaka kitandani. Wifi Kalunde hajambo? Mwambie asali yake imeisha, na asiseme sie Wazaramo walafi, alituma kidogo.

Sasa la moyoni. Albano alikwambia kwa mdomo kwamba mpwa wako Mwamvua aliugua mwishoni mwa mwaka, homa ya matumbo, akalazwa hospitali huku Temeke. Alipona. Mwezi wa kwanza shule zilipofunguliwa nilimbakiza nyumbani kidogo apate nguvu, kisha akaingia darasa la sita. Siku ile ya kwanza alirudi anacheka. Akasema, "Mama, wenzangu wanasema mie nimekufa." Nami nikacheka, lakini nilikwenda kumalizia kucheka jikoni.

Kumbe habari ilikuwa imeenea darasani kwamba hakupona. Walishamwombea, walishamlilia. Alipotokea mlangoni na begi lake, kiongozi wa darasa akasema, "Marehemu hakai na walio hai." Kiongozi huyo anaitwa Avelina, binti mrefu, mpole, akikusalimia anapiga goti. Tangu siku hiyo hakuna anayekaa naye dawati moja. Akisema neno wananyamaza mpaka amalize, halafu wanaendelea na mazungumzo yao pale walipoachia. Akigusa bomba wanalisuuza kabla ya kunywa. Wakicheza rede mpira unapita aliposimama, ukimgonga wanaufuata kana kwamba umegonga mti.

Nilikwenda kwa Mwalimu Tupokigwe, mwalimu wao wa darasa, Mnyakyusa mmoja mcheshi. Alinisikiliza vizuri, kisha akaingia darasani akawachapa wote. Kaka, mwanzoni walikuwa wanafanya huku wanacheka. Sasa hawacheki.

Abdulrahman anasema ni utoto, utapita. Mie naona mwanangu anapungua, na sisemi mwili tu. Kwetu mambo ya mtoto yakimshinda baba anaitwa mjomba, ndiyo maana nakuandikia. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Tabu


Kambini, Sikonge, 9 Machi 2025

Tabu mdogo wangu,

Marahaba. Lori lilikwama matope njiani, barua yako imenifikia imelowa pembe lakini inasomeka. Mfungo umetukuta porini. Watani zangu hawa Wanyamwezi wanakuja kukaa mbele yangu na viazi vya moto, wanapuliza moshi kwangu makusudi, wanasema wanisaidie kuhesabiwa thawabu. Kalunde anawafukuza kwa ufagio. Anakusalimu, na anasema ulafi wa Wazaramo haukuanza na wewe. Asali inakuja na barua hii.

Nimeisoma habari ya Mwamvua mara nyingi. Usimfundishe kupigana, atapiga nani na hawa hawamgusi? Mpeleke shule mwenyewe, umshike mkono hadi ndani ya darasa, mmsalimie kila mtoto kwa jina lake mkiwa pamoja. Ni vigumu kumkana mtu ambaye mama yake amemshika mkono. Kisha nenda kwa mama yake Avelina. Usiende kugomba, nenda na mtoto, mkae, mnywe maji. Jioni mwulize Mwamvua jambo moja la shule ambalo si baya, hata kama ni rangi ya kanga ya mwalimu, asije akaamini siku nzima ni mabaya tu. Na Abdulrahman mwambie nimesema mimi, utoto nao unaua. Naye akamwone mwalimu mkuu.

Nina maombi mawili, na usiniulize sababu. La kwanza, Mwamvua aniandikie mistari miwili kwa mkono wake. Hata jina lake tu litatosha. La pili, niambie alipokuwa amelazwa ni nani walikuja nyumbani kwako.

Kuna jambo jingine nilitaka kuliandika hapa. Nimeona lisubiri.

Funga salama. Kaka yako,
Bakari


Chamazi, 6 Aprili 2025

Kaka Bakari,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imeshapita. Huku tulikula pilau, majirani walileta na sie tulipeleka. Asali imefika na safari hii wifi ametuma ya kutosha, mwambie ulafi umetulia. Abdulrahman alipata kazi Kawe, ghorofa la mtu, anatoka alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo yeye na mtoto wanaonana Jumapili. Kwa mwalimu mkuu alikwenda. Aliambiwa litashughulikiwa.

Nilifanya ulivyosema. Nilimshika Mwamvua mkono tukaingia darasani, Mwalimu Tupokigwe akatupisha. Nikamsalimia kila mtoto kwa jina. Waliitikia vizuri sana, "Shikamoo mama," mmoja mmoja, na walinitazama kwa huruma. Mtoto mmoja mdogo wa dawati la nyuma akaniambia, "Pole mama." Mkono wa Mwamvua ulikuwa ndani ya mkono wangu, na hakuna aliyeutazama. Nikatoka.

Kwa mama yake Avelina pia nilikwenda. Anauza maandazi Mbande, karibu na msikiti. Aliponiona aliacha karai motoni, akajifunika kanga kichwani, akanikumbatia muda mrefu. Nikamwambia, "Mwamvua huyu hapa, mama Avelina, amepona." Akamtazama, akatabasamu kama mtu anayeonyeshwa picha ya zamani. "Mzuri," akasema. "Mungu anajua." Kisha akanifungia maandazi, la kwangu na la mume wangu. Hakufunga la tatu. Njiani nilimpa Mwamvua langu, akanirudishia.

Nakuambia ukweli, naogopa. Mtoto halalamiki tena. Nilipomwuliza kitu kimoja cha shule ambacho si kibaya, alifikiri, akasema, "Kule hakuna kelele." Siku ya Idi alikataa gauni jipya, akasema nimpe mtoto mwingine atakayelivaa. Chakula anagusa kidogo, anasema ni cha watu. Anakaa kizingitini mwa mlango wa uani, nusu ndani, nusu nje. Akilala ananyoosha miguu na mikono, hageuki mpaka asubuhi, nami naamka kuweka kiganja mbele ya pua yake. Na nikimwita hageuki. Au anageuka kumtazama mtu mwingine, anasubiri huyo aitike.

Mistari uliyoomba aliiandika, lakini karatasi ilimwagikiwa chai na Albano alikuwa na haraka. Waliokuja nyumbani wakati wa ugonjwa ni wengi, mgonjwa ana wageni, nani atawakumbuka wote.

Niombeeni.
Tabu


Kambini, Sikonge, 11 Mei 2025

Tabu,

Huku mvua zimekatika na nyuki wamechachamaa. Kalunde hajambo, aliteguka mguu, sasa umepona. Leo utani sina.

Chai haimwagikii karatasi mwezi mzima. Kama mtoto hakuandika, sema hakuandika. Nami nitasema nililokuficha, ili tuwe sawa.

Mwezi wa kwanza, kabla barua yako ya kwanza haijafika, alikuja hapa Polikarpo wa kambi ya pili. Polikarpo ni mtani wangu. Tangu nimfahamu hajawahi kunipa heshima ya mbwa, kazi yake ni kunitukana mimi na babu zangu. Siku hiyo alivua kofia. Alipovua kofia nilijua kuna kitu kimekufa. Akasema, "Pole Bakari, tumesikia msiba wa mpwa wako wa Dar." Habari aliipata Tabora mjini, kwa mama aliyetoka Mbagala kumtazama binti yake aliyejifungua. Nilikwenda nyuma ya mizinga nikalia. Kalunde alifunga kanga kiunoni akakaa chini. Watu wa kambi zote walikuja na tulikaa matanga hapa porini, Tabu, ya mtoto wako.

Ndipo ikaja barua yako inasema Mwamvua amepona na anasumbuliwa shuleni. Nilimwuliza Albano, akasema barua alipewa barabarani, mtoto hakumwona. Sikujua niamini karatasi au niamini watu. Ndiyo maana nilitaka mwandiko wake.

Sasa fikiri pamoja nami. Watoto hawana miguu ya kufika Sikonge. Mchezo wa darasa la sita unaishia kwenye geti la shule. Habari iliyofika hapa ilikuja na adabu zote, imeshavuliwa kofia, na kitu cha namna hiyo kinatoka kwa watu wazima waliokwenda kwenye nyumba ya msiba, wakatoa pole, na pole yao ikapokelewa. Kwetu unajua, pole ikipokelewa, msiba umekaa. Hao watoto hawabuni, wanafuata walichoambiwa na mama zao. Mama yake Avelina hakukufanyia kiburi. Alikuwa anakuliwaza.

Kwa hiyo nakuuliza tena na usinizungushe. Nani alikaa mkekani kwako? Na wewe uliwajibu nini?

Bakari


Chamazi, 15 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Shule zimefungwa. Idi ya kuchinja imepita na nyama tulipata kwa jirani. Abdulrahman bado yuko Kawe. Hayo ndiyo ya nyumbani, mengine sina nguvu ya kuyapamba.

Ilikuwa wakati yuko wodini. Siku mbaya kuliko zote, daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia huenda utumbo umetoboka na nijiandae. Usiku kucha nilikuwa nimekaa kwenye benchi. Asubuhi nilimwacha Abdulrahman pale, nikaja nyumbani kuoga na kuchukua shuka. Nikatoka bafuni, nikawakuta wanawake watatu uani, mama yake Avelina na wenzake wawili, wazazi wa wanafunzi. Wamejifunika kanga vichwani, wamevua viatu, wamekuja na unga na sukari. Wamekaa chini. Yule mzee wao alikuwa ameshaanza kulia. Sijui nani aliwaambia.

Nilijua pale pale wanadhani nini, kaka. Sikukosea kusikia wala kuona. Nilipaswa kusema mwanangu bado. Lakini utawaambiaje watu waliokuja na machozi yao na unga wao kwamba wamekosea nyumba? Utawarudishaje mlangoni? Hayo niliyawaza, na ni kweli, ila si yote. Yote ni kwamba mie mwenyewe nilikuwa nimeshachoka kungoja. Nikatandika mkeka, nikakaa nao. Wakasema pole, nikasema ahsanteni, tumeshapoa. Nikalia. Nililia mpaka sauti ikakauka, wakanishika mabega, na kilio kile kilinipa nafuu ambayo sijapata kuipata. Unga wao niliupika jioni, nikala, nikarudi hospitali.

Nilipofika, Mwamvua alikuwa amefumbua macho anaomba maji.

Sikurudi kuwaambia. Kila siku nilisema kesho. Ndiyo maana nilimbakiza nyumbani shule zilipofunguliwa, haikuwa nguvu, ilikuwa aibu, nilikuwa nawakwepa wale wanawake njiani. Abdulrahman hajui. Nilimtupia mwanangu msiba wangu akaenda nao shule kwenye begi.

Karatasi uliyoomba haikumwagikiwa chai. Nilimpa kalamu, akaishika vizuri, akaiweka chini, akasema, "Mama, nitamwandikiaje mjomba wakati yeye alishanililia?" Hata mie nilikuwa sijajua. Barua yako ya Polikarpo na matanga ya porini ilikuwa haijafika bado, ilikuwa mwezi wa nne.

Sasa chakula hali karibu kabisa. Juzi alinitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mama, uliponililia siku ile, uliona raha?" Nilimkumbatia. Amekuwa mwepesi, kaka, ukimnyanyua kama unanyanyua nguo. Nisaidie. Nitafanya lolote utakalosema, hata liwe la kunivua nguo mbele za watu.

Tabu


Kambini, Sikonge, 20 Julai 2025

Tabu mdogo wangu,

Sina hasira nawe. Nilipomsomea Kalunde aliondoka akaenda kukaa peke yake, akarudi akasema hata yeye angetandika mkeka.

Huwezi kuwaambia watoto acheni na huwezi kumwambia mtoto wewe si marehemu. Umeshaona halisaidii. Matanga yaliyokaa yanaanuliwa, na kwetu anayeanua ni mtani. Mimi siwezi kuja kufanya hilo. Nilimlilia, kwa hiyo mimi ni mfiwa kama wewe, na mfiwa hajitoi mwenyewe. Nimemwomba Albano. Ni Mnyamwezi safi na ana haki yake kwetu.

Waite wale wanawake wote, watoto wa darasa lake, na Mwalimu Tupokigwe. Mwambie Abdulrahman kila kitu kabla, asije akakisikia mbele za watu. Pika unga, wali kama utaweza. Albano atakuja kama watani wanavyokuja msibani. Atavaa nguo za marehemu, atakaa mahali pake, ataiga sauti yake, atataka vitu vyake. Acheni afanye. Asizuiwe na yeyote, na wewe hasa usinyanyue mkono. Anayetakiwa kumzuia ni mmoja tu.

Akimaliza asishukuriwe. Mtukaneni aondoke.

Utaniuliza itakuwaje kama Mwamvua hatamzuia. Hilo sikuandikii.

Bakari


Chamazi, 7 Septemba 2025

Kaka Bakari,

Shikamoo wewe, na umwamkie wifi. Abdulrahman anakusalimu. Nilipomwambia alikwenda uani akang'oa viroba vyote madirishani, akaanza kupima vioo. Mpaka leo hajalitaja, lakini madirisha tunayo.

Ilikuwa Jumamosi mwezi uliopita. Walikuja karibu wote. Wale wanawake niliwaendea mmoja mmoja na kuwaeleza. Yule mzee akasema, "Sasa machozi yangu yalikwenda wapi?" Lakini alikuja. Watoto walikaa mkekani kwa adabu ya msibani, hakuna aliyesukumana. Mwamvua alikuwa kizingitini pake, miguu uani, mgongo ndani.

Albano alifika akicheka. Alivaa sweta ya shule ya Mwamvua kichwani kama kilemba na sketi yake shingoni, na kitambi kile. Watoto wakaangua kicheko. Aliingia kila chumba, akafunua sufuria, akaniambia mchuzi wangu ungemuua marehemu mara ya pili. Akaketi katikati ya wanafunzi, akamwambia Mwalimu Tupokigwe aite majina kama darasani. Mwalimu akaita, watoto wakaitika. Alipofika Mwamvua Abdulrahman, Albano akaitika, "Nipo mwalimu."

Unaijua sauti ya Albano, imekauka kwa tumbaku. Ile haikuwa sauti yake. Ilikuwa nyembamba, na neno la mwisho aliliburuta kidogo, kama Mwamvua anavyoliburuta tangu akiwa chekechea. Na Albano hajawahi kumsikia mwanangu akisema, kila alipopita hapa mtoto alikuwa kimya. Kicheko kikakatika. Mwalimu akaita tena, nadhani kwa kuogopa, na ile sauti ikaitika tena.

Hapo Albano akaanza kugawa. Begi akampa huyu, rula akampa yule. Viatu vya shule akampa Avelina. Avelina alivipokea kwa mikono miwili, kisha akaviachia chini, akasema, "Vina joto." Viatu vile vilikuwa chini ya kitanda tangu shule zifungwe, Mwamvua alikuwa anakwenda shule na ndala. Avelina akaanza kulia, kilio cha mtoto kweli, na mama yake hakumnyamazisha. Mwamvua alikuwa anatazama yote kama mtu anayetazama barabara.

Kilichobaki nilikuwa mie. Albano akaja akakaa mkekani, akajilaza, akaweka kichwa chake kikubwa mapajani mwangu. Akasema kwa sauti ile ile, "Na huyu mama nimemrithi. Mwenyewe hamtaki." Niliuma ulimi. Mikono niliikalia isije ikanyanyuka. Kichwa chake kilikuwa baridi, kaka, na uani palikuwa na jua. Alikaa hivyo mpaka nikahisi anazidi kuwa mzito na nikaanza kuamini kwamba itabaki hivi, kwamba huyu ndiye nitakayebaki naye.

"Toka hapo."

Tuligeuka wote. Mwamvua alikuwa amesimama.

"Nani anasema?" akauliza Albano, hakunyanyua kichwa.

"Mie."

"Mie nani? Hapa sioni mtu."

"Mie Mwamvua. Toka hapo, huyo mama yangu." Akaja, akamshika Albano sikio akalivuta. Albano akaruka, akatupa sweta na sketi, akasema kwa sauti yake ya tumbaku, "Chukua mama yako, mwenyewe mifupa mitupu." Tukamtukana wote mpaka kwenye lori. Abdulrahman alimtukana vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwamvua alijilaza pale pale mapajani. Nikamwambia mbele ya watu, "Nilikulilia ukiwa hai. Nisamehe mwanangu." Akasema ana njaa. Mama yake Avelina ndiye aliyempakulia, akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake, akasema, "Pole yetu tumeichukua." Na wenzake wakasema hivyo hivyo. Walipokuwa wanaondoka watoto walimpa mkono mmoja mmoja. Wengine walimbonyeza mkono kidogo, kuhakikisha.

Shule sasa ni shule. Anakaa na Avelina, ambaye anamfuata kama kivuli na kumbebea begi, mpaka Mwamvua analalamika kwamba anamsumbua. Wanamtania, wanamgombeza, mpira wa rede ukimgonga wanapiga kelele ametoka. Juzi alirudi na jicho jekundu, alipigana na mtoto wa kiume kwa ajili ya foleni ya bomba. Nilimgombeza huku moyoni nafurahi. Anakula. Anageuka usingizini, anapiga mateke ukuta.

Jambo moja tu limebaki, na sijamwambia hata baba yake. Akirudi kutoka shule haingii. Anasimama nje ya mlango, ambao uko wazi, anabisha hodi. Siku ya kwanza nilicheka, nikamwambia mtoto wa nyumbani habishi hodi kwao. Alibaki pale pale. Akabisha tena. Niliposema karibu ndipo akaingia, akatupa begi, akaenda kwenye sufuria kama mtoto mwingine yeyote. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho yake.

Wiki iliyopita nilikuwa nakaanga samaki, redio iko juu, sikusikia. Nilipotoka jua lilikuwa linazama. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilikimbia peku. Nilimkuta mbali, kule uchochoro unakoishia kwenye uwanja wa makaburi, amesimama na begi mgongoni, uso ameuelekeza kule. Nikasema karibu, karibu mwanangu, karibu. Akageuka, akaja, akanishika mkono, akauliza tunakula nini.

Nilimwuliza kwa nini hakuingia tu. Akasema, "Nilibisha, hukuniitikia. Nikajua leo umechoka."

Redio nimempa jirani. Saa za shule kutoka naacha chochote ninachofanya, naenda kukaa kizingitini. Akitokea tu pale kona, kabla hajafungua mdomo, nasema karibu.

Mdogo wako,
Tabu